Chema Chajiuza?

Wazee wetu walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Mdogo wangu aliipenda methali hii kupita zote. Alikuwa mpiga picha hodari, mwenye kuona uzuri mahali ambapo sisi wengine twaona vumbi tu, na aliamini kwamba kazi yake itamsemea. Mimi nami niliamini hivyo, mpaka siku niliyofuatana naye kwa meneja wa hoteli moja aliyekuwa akitafuta mtu wa kupiga picha za arusi.

Meneja alizitazama picha zake, akazisifu, kisha akauliza kwa upole, "Nani amekupima?" Ndugu yangu akajibu kwamba picha zenyewe ni kipimo. Kazi alipewa mwingine, mwenye cheti. Tulirudi nyumbani kimya. Wakati huo alikuwa akidaiwa kodi ya studio yake ya miezi miwili.

Usiku ule nilikasirika kwa ajili yake. Lakini hasira ilipotulia nilikumbuka arusi yangu mwenyewe. Nilimwajiri mpiga picha wa bei nafuu aliyenionyesha picha chache nzuri. Siku ilipofika hakujua la kufanya na giza la kanisani, na nyuso za wazazi wangu zikatoka kama vivuli. Baba amekwisha fariki, na siku ile hairudi.

Hapo nikafahamu kwamba methali ile ina mpaka wake. Anunuaye kanga huishika, huitazama, na akipenda huiacha. Amwajiriye mpiga picha hununua kitu ambacho hakijakuwapo bado. Hana budi kuamini kabla ya kuona, na imani ya namna hiyo yataka mdhamini.

Basi nilimshauri ndugu yangu akubali kupimwa. Alichagua Royal Photographic Society, chama kilichoundwa London mwaka 1853, ambacho hupokea kazi za watu wa nchi nyingi. Kwa daraja yake ya kwanza mtahiniwa hutoa picha 10, na waamuzi huzipima zote pamoja, ili bahati ya picha moja isifunike upungufu wa nyingine. Kwa miezi sita alikuwa akichagua na kukataa. Aligundua kwamba siku zote alikuwa akikimbilia jua la asubuhi, kwa sababu hakujua vema kutumia taa. Akajifunza. Hivyo faida ya kwanza ya cheti ilimfikia kabla ya cheti chenyewe.

Alipofaulu, zilifuata faida nyingine. Watu wasiomjua walianza kumwamini. Ubishi wa bei ulipungua. Na yeye mwenyewe alitaja ujira wake bila kuinamisha macho. Deni la kodi alilimaliza mwaka ule ule.

Tutazame pia Ujerumani. Huko sheria ilimtaka mwenye biashara ya kupiga picha awe na cheo cha fundi mkuu. Tangu mwaka 2004 sharti hilo limeondolewa. Hata hivyo mtihani wa ufundi mkuu haukufa. Wako waufanyao kwa hiari, maana mlango ukiwa wazi kwa wote, mteja hutafuta alama ya kumtambulisha fundi.

Sisemi kwamba cheti humpa mtu ustadi asiokuwa nao. Mwenye cheti akichelewa arusini, au akipoteza picha za watu, cheti chake hakitamwokoa. Cheti humfungulia mtu mlango. Kukaa ndani ni juu ya kazi yake na tabia yake.

Enyi vijana, huenda miongoni mwenu wamo watakaoishi kwa kamera, kwa cherehani au kwa msumeno. Msione haya kupimwa. Chema chajiuza, ni kweli, lakini kwanza lazima mtu akubali kukifungua na kukitazama.