Tuliyoyaona Kwenye Maporomoko ya Saint Helena

Mtoto wetu wa mwisho alipoanza maisha yake, tulibaki wawili nyumbani. Hatukuwa tukigombana, lakini mazungumzo yalikuwa yamekauka. Tulizungumzia bili ya maji na dawa za presha, basi. Hivyo tuliamua kutumia akiba yetu kusafiri pamoja.

Tulipanda ndege Johannesburg hadi Saint Helena, kisiwa cha Uingereza katika Bahari ya Atlantiki, kiasi cha kilometa 1,900 kutoka pwani ya Afrika. Kabla ya ndege za abiria kuanza kufika mwaka 2017, njia ilikuwa meli tu. Ndiyo sababu Waingereza walimfungia huko Napoleon, na baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Sayyid Khalid bin Barghash wa Zanzibar.

Tulitaka kuyaona maporomoko yaliyo juu ya mji wa Jamestown. Genge lake lina umbo la moyo, na urefu wake ni meta 90 hivi. Tulishuka bondeni kwa miguu, tukishikana mikono penye utelezi. Tulipofika, maji yalikuwa membamba kama uzi!

"Mama Neema," alisema baba watoto, "tumetoka kote huko kuja kuona ukuta?"

Tulicheka mpaka machozi. Ni siku nyingi hatujacheka hivyo. Tukaketi juu ya jiwe, tukala mkate wetu, tukazungumza hadi jua likageuka.

Mwenyeji mmoja alitueleza kwamba maji ya kisiwa yanategemea mvua na ukungu unaonaswa na mimea ya vilele vya juu, vyenye zaidi ya meta 800. Sehemu kubwa ya misitu hiyo ilifyekwa zamani. Sasa inapandwa upya.

Maneno hayo tulirudi nayo. Kumbe anayetaka maji bondeni hana budi kutunza msitu mlimani. Sisi tulikuwa tumeacha hata kusali pamoja jioni. Usiku ule tulisali tena, na tangu tuliporudi hatujaacha.

Ukijaliwa kwenda, vaa viatu visivyoteleza, chukua maji ya kunywa, na nenda baada ya mvua. Lakini hata ukikuta uzi tu, usikate tamaa. Keti na mwenzio, mzungumze.