Ari ya Anayejisomea

Kitenzi "kujisomea" kina viungo viwili nilivyozoea kuwachambulia wanafunzi ubaoni: "ji", inayomrudisha mtenda kwake mwenyewe, na "e" ya kutendea. Anayejisomea hasomi peke yake tu. Anasoma kwa ajili ya nafsi yake. Mwaka 1975 Mmarekani Malcolm Knowles alichapisha kitabu kizima kuhusu mtu anayeongoza mafunzo yake mwenyewe: hutambua upungufu wake, hujiwekea lengo, hutafuta nyenzo, kisha hujipima.

Mpwa wangu, muuguzi wa miaka mingi, amerudi chuoni kubobea katika uuguzi wa watoto wachanga, naye anaishi kwangu. Nilimwuliza sababu ya kusoma sura ambazo mkufunzi wake hajazifikia, tena baada ya zamu ya kuchosha.

"Mjomba, mtoto aliyezaliwa bila kupumua hangoji muhula ujao. Nina dakika moja tu ya kumsaidia."

Siku hizi twachanganya "motisha" na "ari". Motisha hutoka nje: posho, cheo, nyongeza ya mshahara. (Ni neno la mkopo, ingawa "sha" ya mwisho yalifanya lijifanye kitenzi cha kutendesha.) Ari huwaka ndani. Sisemi motisha haina kazi. Mwenye ada ya kulipa hali ari. Lakini sijaona posho iliyomwamsha mtu saa tisa usiku afungue daftari.

Na daftari lake ndilo lililonivutia. Masomo yote ni kwa Kiingereza, ilhali mama wodini anasubiri Kiswahili. Basi kila somo huliandika upya kama atakavyomweleza mzazi. Kuhusu mtoto njiti ameandika: "Mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, mvalishe kofia, mfunge kwa kanga, joto lako ndilo blanketi lake." Sentensi hiyo aliifuta mara tatu. Husema somo asiloweza kumwambia mama hajalielewa bado.

Juzi alitaka jina la hali ya njiti kuacha kupumua kwa sekunde 20 au zaidi. Nikampa "kusita kwa pumzi", nikajiona mshairi. Akalikataa: mama akisikia "kusita" atangoja. Ameandika "pumzi kukatika", na kando yake, kwa wino mwekundu, "mguse nyayo, ita muuguzi sasa hivi".