Mji wa Nafuu kwa Mwenye Mgonjwa: Tuliyoyaona Dar es Salaam, Morogoro na Tanga

Mwenye nyumba wetu wa Mbagala alipotuarifu kuwa kodi itapanda, na kwamba itatakiwa ya miezi sita kwa mkupuo, tulimshukuru kwa kutuambia mapema, kisha tukafungua daftari. Sisi ni watu sita: mume na mke, watoto watatu, na Mama, aliyevuka miaka 70 na anayeishi na kisukari pamoja na shinikizo la damu. Riziki yetu ni cherehani, na cherehani hushona popote. Tukachora safu tatu: kodi, chakula na matibabu. Baada ya Idd el-Fitri ya mwaka 2025 tukanuia kuizuru miji miwili inayosifiwa kwa unafuu, tuilinganishe na hapa tulipo.

Tulianza na Dar es Salaam yenyewe, kwani mtu huweza kukaa mahali miaka mingi asipapime. Hapa ndipo zilipo Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Mkazi wa Dar hudhani yuko mlangoni pa tiba. Lakini siku ya kliniki Mama huondoka nyumbani mara tu baada ya swala ya alfajiri, na foleni ya Barabara ya Kilwa humtafuna nusu ya asubuhi. Jioni moja ya masika alipobanwa kifua, gari la kukodi lilitugharimu chakula cha siku nne, na tulikaa njiani saa moja na nusu huku tukimsomea dua. Tuliporejea salama, alhamdulillah, tuliongeza safu ya nne katika daftari: muda.

Morogoro tulikwenda kwa treni ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria mwezi Juni 2024. Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 13,000, na safari haikutimiza saa mbili. Mji umelala chini ya Milima ya Uluguru, na katika Soko Kuu la Chifu Kingalu tulikuta kabichi, karoti na njegere zilizoshuka Mgeta zikiuzwa kwa bei iliyomfanya mama watoto acheke peke yake. Nyumba ya vyumba viwili na sebule, ambayo Mbagala tungeilipia 250,000 kwa mwezi, tulionyeshwa kwa 150,000. Misikiti iko karibu, na Chuo Kikuu cha Waislamu kiko hapohapo, jambo ambalo mzazi mwenye binti wa sekondari halipiti bila kulitazama mara mbili.

Tulikaa kivulini tukapiga hesabu. Mama humwona daktari bingwa wa moyo kila baada ya miezi mitatu, na hawezi kusafiri peke yake. Watu wawili kwenda na kurudi ni shilingi 52,000, na safari nne kwa mwaka ni 208,000. Kodi pekee ingetuokolea 1,200,000. Kwa karatasi, Morogoro ilikwisha kushinda.

Tanga ilikuwa zamu ya mwisho, nasi tulikwenda kwa basi, zaidi ya saa tano barabarani. Ni takriban kilomita 350 kutoka Dar es Salaam, na mgonjwa hawezi kwenda na kurudi siku moja. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo imesimama juu ya bahari, na majengo yake ya kale, ya tangu enzi za Wajerumani, hupokea upepo ambao hakuna feni inayoushinda. Ngamiani, ambako barabara huitwa kwa namba, tulipata nyumba ya 130,000. Samaki na nazi si vitu vya kufunga safari kuvitafuta. Tena huko ndiko alikozaliwa Mama, na wadogo zake wawili wangali hai.

Suala la bima tuliliuliza kila tulipofika. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulitoza mikoani shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, nasi ni sita kamili. Dar es Salaam kiwango kilikuwa cha juu zaidi. Lakini kadi hiyo ilihudumia kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, haikuvuka kwenda hospitali ya taifa. Sera ya nchi pia inawasamehe gharama wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Msamaha huo ni neema, ila dawa ikikosekana dirishani, huenda duka la dawa na fedha zako mwenyewe. Hilo nalo tuliliandika.

Tulipomsomea Mama daftari zima, alisikiliza akihesabu tasbihi, kisha akauliza: "Katika miji hiyo, ni upi ambao mimi nikilazwa, ninyi mtaendelea kula?"

Hatukuwa na jibu. Mwaka uliotangulia alilazwa siku tisa. Katika wodi zetu ndugu ndiye anayeleta uji, anayemwosha mgonjwa na anayekimbilia dawa usiku. Siku tisa zile cherehani ilinyamaza, wateja wawili walichukua vitambaa vyao, na watoto walilishwa na jirani. Gharama hiyo haikuwamo katika safu yoyote. Tukachora ya tano: watu. Morogoro hatuna mtu, na Tanga Mama ana ndugu wawili na mabinti zao watatu.

Tulimwendea daktari wake, akasema hali yake yaweza kufuatiliwa na madaktari wa hospitali ya mkoa, naye amwone mara mbili kwa mwaka, isipokuwa pakitokea mabadiliko. Neno hilo la mwisho halikufutika katika daftari. Moyo ukimsumbua vibaya usiku, kati yake na bingwa wake zipo kilomita 350, na hatukutaka kujidanganya. Tuliweka kibubu cha safari ya hospitali kisichoguswa kwa jambo jingine, tukanakili namba za madereva wawili wa usiku, kisha tukamtegemea Mwenyezi Mungu. Dini yetu inatufundisha kutangulizia sababu kabla ya tawakali.

Kwa familia inayotafuta mji wa nafuu, rai yetu ni hii: msiishie kwenye kodi na bei ya unga. Ulizeni kadi yenu ya bima inafika hospitali ya ngazi gani, mgonjwa atatumia saa ngapi kumfikia daktari, na nani atakaa kando ya kitanda chake. Majibu yenu huenda yakawapeleka kwingine, na hapana ubaya.

Tulihamia mwanzoni mwa Muharram. Siku ya kliniki ya kwanza Mama alipanda bajaji pamoja na mdogo wake, wakibishana juu ya jina la mwalimu wao wa chuoni. Sisi tulibaki tukishona sare za madrasa. Walirejea kabla ya adhuhuri, na dawa mkononi.