Kalemie: amri moja ya kompyuta yageuza majina ya wanafunzi

Mwaka 2015 jimbo la Katanga liligawanywa kuwa majimbo 4: Haut-Katanga, Haut-Lomami, Lualaba na Tanganyika, ambalo makao yake makuu ni Kalemie. Kwa kijana mmoja anayetunza kompyuta ya shule ya sekondari mjini humo, mgawanyo huo ulimaanisha faili 18, moja kwa kila darasa. Kila mwanafunzi alikuwa na mstari wake: jina, mwaka wa kuzaliwa, mtaa anamokaa, na mwishoni jimbo: Katanga.

Kubadili mstari mmoja mmoja kungekula wiki nzima, na umeme hauna ahadi. Akakumbuka sed, programu ndogo ya Linux inayopitia faili mstari kwa mstari na kubadili maandishi. Akaandika:

sed -i 's/Katanga/Tanganyika/g' *.csv

Yaani: popote penye Katanga, weka Tanganyika, katika faili zote. Kufumba na kufumbua, kazi ikaisha. Prefe akampongeza.

Siku tatu baadaye mama mmoja akaingia ofisini, orodha ya wafinalisti mkononi.

« Papa Prefe, mtoto wangu anaitwa Katanga, jina la babu yake. Hapa mumemuandika Tanganyika. Mtoto si jimbo. »

Walipotafuta, wakakuta wengine wanne. Si jambo dogo: jina linalopelekwa kwenye mtihani wa taifa ndilo linalotoka kwenye diploma, na kulirekebisha baadaye ni kuzunguka ofisi hadi ofisi.

Programu haikukosea. Ilitii tu, haijui mtu wala mahali. Tena alama ya -i peke yake huandika juu ya faili bila kuacha nakala ya zamani. Bahati nzuri, sekretea alikuwa na faili za kwanza kwenye kle yake ya USB.

Safari hii kijana alianza na grep Katanga *.csv, akasoma kila mstari wenye neno hilo kabla ya kugusa kitu. Kisha:

sed -i.bak 's/;Katanga$/;Tanganyika/' *.csv

Alama ya dola ni mwisho wa mstari, kwa hiyo jimbo tu ndilo linalobadilika. Nayo .bak huhifadhi kila faili kama ilivyokuwa.

Mama alirudi, akafuata mstari kwa kidole hadi kwenye jina.

« Sasa ni yeye », akasema.