Gari Huuzwa kwa Maneno

Sisi watu wa Pwani tunaona haya kumwambia muuzaji, "Niandikie." Kwetu neno hilo lina harufu ya kumtuhumu mtu. Mnunuzi na muuzaji wakishapeana mikono, wakaulizana hali za wazazi na watoto, kalamu ikitolewa huonekana kana kwamba imekuja kuharibu mazungumzo. Wako hata wanaoitolea hoja aya ya deni, aya ya 282 ya Suratul Baqara, kwamba biashara ya mkono kwa mkono imesamehewa kuandikwa. Ni kweli imesamehewa, lakini aya hiyo hiyo inaamuru papo hapo kwamba tuweke mashahidi tunapouziana, na sehemu hiyo husomwa kwa haraka.

Jambo hili limenishughulisha tangu mwaka jana, dada yangu alipouza fungu lake la kiwanja alichotuachia marehemu baba huko Kisauni, akampelekea mwanawe Nairobi fedha za kununua gari la teksi. Dada yangu ni mjane na fungu hilo ndilo lililokuwa akiba yake yote. Mimi ninaishi South C, na kwa miaka mingi nilikuwa karani katika ofisi ya wakili mjini. Kwa hiyo mpwa wangu alipopatwa na mkasa, mlango wa kwanza kuubisha ulikuwa wangu.

Anayeijua Nairobi ya upande wa magharibi anazijua yadi za magari: zimeipanga Barabara ya Ngong, zikatapakaa Kilimani, Hurlingham hadi Lavington, magari yakimetameta juani kama sufuria mpya. Mengi yao yametumika Japani, yakashushwa bandarini kwetu Mombasa, kisha yakapandishwa bara kutafutiwa wanunuzi. Sheria zetu huyakataa yaliyopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Ndiyo kusema kwamba gari tunaloliita jipya lina maisha mazima nyuma yake, na maisha hayo yameandikwa kwa lugha tusiyoisoma. Ajuaye ni muuzaji, au walau yeye ndiye mwenye njia ya kujua. Mnunuzi huona rangi, husikia injini ikinguruma, basi. Yaliyobaki anauziwa kwa maneno.

Maneno aliyouziwa mpwa wangu yalikuwa haya: Toyota Axio ya mwaka 2016, kilomita 61,000, halijapata kugongwa. Yaliandikwa kwenye tangazo lililobandikwa kiooni na yakarudiwa katika ujumbe wa simu. Alilipa arbuni, siku ya tatu akamaliza shilingi 1,180,000, akatia sahihi mkataba wa ukurasa mmoja.

Wiki ya tatu giaboksi ilianza kusita. Akalipeleka gari Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Kabla ya kuigusa giaboksi, fundi alifungua boneti akamwonyesha kibandiko kidogo cha gereji ya Japani iliyopata kubadilisha oili. Maandishi hatukuyajua, ila tarakimu ni za watu wote: 128,400. Kisha akainua zulia la buti, na chini yake pakaonekana mshono wa bati lililochomelewa. Kwa namba ya chesisi tukapata karatasi ya mnada ambao gari liliuzwa huko Japani. Daraja lake lilikuwa herufi R, alama wanayopewa magari yaliyogongwa yakatengenezwa. Mileji yake ilikuwa imepita 130,000.

Nilimwambia jambo moja kabla ya yote: "Liegeshe." Akashangaa, "Mjomba, na siku nikikaa bila kazi?" Nikamweleza kwamba kila safari anayopokea sasa, akiwa ameshajua aibu ya gari, inampa muuzaji hoja kwamba amelikubali. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iliyoanza kutumika mwaka 1931 na kunakiliwa kwa sehemu kubwa kutoka sheria ya Uingereza ya 1893, inamruhusu mnunuzi kuikataa bidhaa isiyolingana na wasifu wake. Akiisha kuikubali, au akikaa nayo muda wa kutosha bila kusema neno, haki ya kurudisha humponyoka, akabaki na haki ya kudai fidia tu. Jioni hiyo hiyo tuliandika barua, tukaambatanisha picha ya kibandiko, ya mshono na ya karatasi ya mnada, tukaipeleka kwa mkono na kwa barua pepe.

Muuzaji alitupokea vizuri. Chai ililetwa kabla ya jawabu. Majibu yake yalikuwa matatu, nayo nayataja kwa sababu nimeyasikia tangu ujana wangu katika ofisi ile ya wakili, na msomaji atakayeingia yadi yoyote atayakuta yanamngoja. La kwanza: "Kijana alilikagua mwenyewe akalipenda." La pili: "Sisi tulilipokea hivyo kutoka Japani, sheikh wangu, hatukugusa kitu." La tatu, akiuelekeza wino wa kalamu kwenye mkataba: "Limeuzwa kama lilivyo."

Mawili ya mwanzo yalishajibiwa Uingereza mwaka 1967, katika kesi ya Beale dhidi ya Taylor. Mtu alitangaza Triumph Herald ya mwaka 1961. Mnunuzi akaja, akalitazama, akaliona na alama yake nyuma, akanunua. Baadaye ikabainika kwamba ni magari mawili yaliyounganishwa kwa kuchomelewa: nusu ya nyuma ndiyo ya 1961, nusu ya mbele ni ya gari la zamani zaidi. Muuzaji naye hakujua. Alikuwa amelinunua vivyo hivyo kwa nia safi. Mahakama ya Rufani ilisema mnunuzi alitegemea wasifu ule hata kama alilitazama gari kwa macho yake, na muuzaji akatakiwa kulipa fidia. Kifungu kilichoamua kesi hiyo ndicho kilichomo katika sheria yetu, na mahakama zetu huziheshimu hukumu za namna hiyo ingawa hazifungwi nazo. Kutojua kwa muuzaji kunamtakasa na uongo. Hakumwondolei deni la maneno yake.

Ama la tatu, hapo watu wengi huvunjika moyo, wakadhani sahihi yao imewafunga mikono. Katiba ya 2010, ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa yenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupewa taarifa anazohitaji, na haki ya kufidiwa kwa hasara itokanayo na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ikaja kuyatia nguvu hayo: aliyevutwa katika mkataba kwa maelezo ya uongo anaweza kuuvunja kwa kutoa taarifa ndani ya mwaka mmoja. Na Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza kabisa kutoa maelezo ya uongo juu ya ubora wa bidhaa, historia yake au matumizi yake ya nyuma. Malalamiko hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. "Kama lilivyo" maana yake ni gari lile lililoelezwa, na mikwaruzo yake. Haliwezi kuwa gari jingine.

Hapa niruhusiwe kuchepuka kidogo. Nilipokuwa nikiandika barua ile nilikumbuka darsa za fiqhi za utotoni, mlango wa biashara, penye mas-ala ya mnyama aliyefungwa chuchu. Mtu akitaka kumuuza mbuzi au ngamia humwacha siku kadhaa bila kumkamua, kiwele kikajaa, mnunuzi akadhani amepata mnyama wa maziwa mengi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alilikataza hilo, akampa mnunuzi hiari baada ya kukamua: amweke, au amrudishe pamoja na pishi moja ya tende badala ya maziwa aliyoyatumia. Tulilisoma kama jambo la mabedui. Kumbe anayeirudisha nyuma mita ya gari hafanyi lingine ila kufunga chuchu, na ile pishi ya tende inanipendeza zaidi kila ninapoifikiria: hata aliyedanganywa hakuachiwa maziwa ya bure.

Nilimgusia muuzaji habari hiyo naye akacheka, si kwa kejeli. Alikuwa akiijua. Lakini kucheka hakurudishi fedha. Tukamwekea mezani hesabu: thamani ya Axio aliyoieleza, thamani ya ile aliyoitoa, na gharama ya giaboksi. Jumla ilikuwa shilingi 310,000. Kuurudisha mkataba wote kungetupeleka kwa hakimu wa kawaida, kwa kuwa bei ilizidi milioni moja, ambayo ndiyo mpaka wa Mahakama ya Madai Madogo. Dai la tofauti tu liliingia humo bila shida. Mahakama hiyo ilianza Milimani mwaka 2021, na Mombasa ipo pia. Mtu huweza kusimama mwenyewe bila wakili, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Fomu tulikuwa nayo mkononi, imejazwa.

Nadhani kilichombadilisha si sheria wala fomu, bali lile tangazo la kiooni. Mpwa wangu alilipiga picha siku ya kwanza ili amwonyeshe mama yake gari lenyewe, na tarakimu 61,000 zinasomeka vizuri pembeni ya jina la yadi. Kama maneno yale yangebaki mdomoni, tungekuwa watu wawili wenye kauli mbili.

Alilipa 260,000 kwa awamu mbili, ya pili baada ya Idi. Niliona zingeweza kupatikana zote, lakini dada yangu alisema kijana hawezi kukaa mwezi mwingine bila kazi, na fedha ni zake. Giaboksi imebadilishwa. Kwenye risiti mpya muuzaji ameandika mileji ya kweli kwa mkono wake, akatia sahihi, nami na karani wake tukashuhudia. Karatasi ya mnada imo katika bahasha moja na logibuku, na dada yangu ameshika kwamba siku gari litakapouzwa, itolewe pamoja nalo, hata bei ikishuka.