Mishkaki ya ghorofani: mkaa, umeme au gesi?

Jumamosi alfajiri Vingunguti huwa imeshaamka. Pikipiki zenye maboksi ya nyama zinatoka machinjioni kwenda buchani, na kabla jua halijapanda, kilo mbili za steki ziko ndani ya friji ya ghorofa ya nne Kariakoo. Zimelowekwa kwa tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na papai bichi la kulainisha. Watoto wameshauliza mara tatu mishkaki italiwa saa ngapi.

Shida ni mahali pa kuchomea. Bibi yao alichomea uani, moshi ukapotelea hewani. Ghorofani hakuna uani. Kuna kibaraza chenye kamba ya nguo, ndoo za maji na dirisha la chumba cha watoto.

Jiko la mkaa bado ndilo lenye ladha inayotafutwa. Mafuta ya nyama hudondokea makaa, moshi ukapanda na kuishika nyama. Lakini moshi huohuo, pamoja na sehemu zilizoungua zikawa nyeusi, hubeba kemikali zinazohusishwa na saratani. Kugeuza nyama mara kwa mara na kukata weusi kabla ya kumpa mtoto hupunguza madhara. Hata ile tabia ya kuchemsha nyama kidogo kwanza, ambayo wapishi wengi huicheka, inasaidia, kwa kuwa nyama hukaa motoni muda mfupi.

Hatari ya haraka zaidi ni nyingine. Mvua ya masika ikianza, jiko huvutwa ndani na mlango kufungwa. Mkaa unaowaka hutoa kabonimonoksaidi, hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, kisha usingizi, na mtu anadhani ni uchovu wa siku. Mtoto hupumua kwa kasi kuliko mtu mzima, hivyo huweza kudhurika mapema. Makaa yanayoonekana kufifia bado yanatoa sumu hiyo. Asilale mtu na jiko chumbani, hata kwa baridi ya Njombe au Lushoto.

Ndiyo maana maduka ya vyombo vya umeme Kariakoo hayakosi wazazi. Grili ya kubana, inayofunga kama kitabu, huivisha juu na chini kwa pamoja na kumwaga mafuta pembeni. Inafaa steki nyembamba, si mbavu zenye mifupa. Vyuma vyake hubaki vya moto muda mrefu baada ya kuzimwa, na waya unaoning'inia mezani ni mwaliko kwa mtoto anayejifunza kutembea.

Eafraya, inayozungusha hewa ya moto kwa feni, ndiyo inayosifiwa zaidi siku hizi. Yenye wati 1,500 ikifanya kazi dakika 20 hutumia kama nusu uniti ya LUKU. Muuzaji atasema inapika bila mafuta kabisa, kana kwamba nyama haina mafuta yake. Kikapu ni kidogo. Familia ya watu sita itapika kwa awamu, na wa mwisho watakula wakati wa kwanza wanaosha vyombo. Oveni humaliza kazi kwa trei moja, ila ya umeme hula uniti zaidi. Ya gesi huokoa siku umeme ukikatika, lakini si zote zina moto wa juu, na bila huo nyama inaokwa, haichomwi.

Kwa majiko yote, nyama inaweza kupendeza nje na kuwa mbichi ndani. Kababu zinahitaji uangalifu kuliko steki, kwa sababu kusaga huingiza vijidudu vya juu ya nyama hadi katikati. Nyama ya kusaga ifike nyuzijoto 71, kuku 74. Rangi peke yake hudanganya. Kipima joto cha nyama, kinachochomekwa pale penye unene, ndicho cha kuaminika. Nyama isiyoiva huweza pia kuleta minyoo ya tegu.

Jioni ile ya ghorofa ya nne, mvua haikunyesha. Kuku wa watoto aliingia kwenye eafraya. Steki ilishushwa ngazi zote nne hadi kwenye uwazi wa maegesho, na jiko la mkaa likawashwa huko. Mlinzi naye alipata vijiti viwili.