Wiki ya Mwisho Usambara

Joto la Mombo hukusindikiza kona chache tu, kisha hubaki bondeni. Barabara ya kwenda Lushoto inapanda zaidi ya kilomita 30, upande huu mwamba, upande ule korongo, na ukifika Soni maporomoko ya maji unayaona ungali garini. Malori yaliyosheheni kabichi, viazi na matenga ya nyanya yanateremka kwa gia nzito kwenda kuilisha Dar es Salaam. Hii ndiyo milima niliyotumwa kuifanyia kazi ya uinjilisti, na wiki ya kuiaga ilipofika niliamua kuizunguka kwa miguu na kwa basi, kijiji kwa kijiji, niione vizuri kabla sijateremka.

Nilianzia Mlalo. Mji huu umekaa ndani ya bonde lililozungukwa na vilima pande zote, na nyumba zake za udongo, nyingine za ghorofa zenye roshani za mbao, zimepandiana kilimani hadi ya juu inachungulia paa la ya chini. Mashamba ya maharage yamelimwa mpaka kwenye miteremko ambayo mgeni angeogopa hata kuikanyaga. Hapa ndipo wamisionari wa Kijerumani, Paul Wohlrab na Ernst Johanssen, walipofungua kituo mwaka 1891, wakakiita Hohenfriedeberg. Hawakuwa wahubiri wa kwanza kuiona nchi ya Wasambaa. Johann Ludwig Krapf alifika Vuga mwaka 1848, akapokewa na mfalme Kimweri ye Nyumbai. Lakini ni kutoka Mlalo kanisa la Kilutheri lilipoanza kuota mizizi katika milima hii.

Sehemu ya historia hiyo ninayoipenda kuliko zote ni ile ambayo wageni hawamo. Waingereza waliiteka Usambara mwaka 1916, na kutokana na Vita ya Kwanza ya Dunia wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa nchini; hawakuruhusiwa kurejea hadi katikati ya miaka ya 1920. Vita ya Pili ikaja, wakaondolewa tena. Mara zote mbili kengele ziliendelea kupigwa. Walimu Wasambaa walifundisha watoto, wazee wa kanisa waliongoza ibada, na akina mama waliendelea kutembelea wagonjwa na wafiwa. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilipoundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, Usambara haikwenda kwenye muungano ule ikiwa mwanafunzi. Ilikwenda ikiwa imekwisha kulea kanisa kwa mikono yake.

Niliyaona hayo kwa macho yangu wiki ile. Mtumishi anayehama ana kazi zake: kukabidhi daftari la washarika, kufunga hesabu za sadaka, kuwaombea wazee wasioweza tena kupanda hadi kanisani. Kila nyumba niliyoingia nilikuta mtu amekwisha kutangulia. Bibi mgonjwa alikuwa ameshachotewa maji na vijana wa kwaya. Mzee mjane alikuwa ameshalimiwa shamba lake. Majirani wengi hapa ni Waislamu, tena mara nyingi ni ndugu wa tumbo moja na Wakristo, na msiba ukitokea wote huketi jamvi moja na kuchimba kaburi pamoja. "Shikamoo, mama," nilisema mlangoni mwa nyumba moja. "Marahaba, mwinjilisti, karibu ule kwanza," nikajibiwa, na sahani ya maharage na viazi ikawa mbele yangu kabla sijafungua Biblia.

Kutoka hapo nilikwenda Mtae, kijiji kilichojengwa juu ya ukingo ambapo milima inakatika ghafla. Chini kabisa nyika za Mkomazi zimetandazwa hadi macho yanapochoka, na siku isiyo na mawingu Kilimanjaro huonekana kwa mbali. Nawashauri wasafiri walale Mtae, waamke alfajiri. Ukungu ukiwa bado umefunika nyika, mtu akisimama ukingoni huelewa kwa nini watu wa hapa husali wamesimama wima na kuimba kwa sauti nne bila kinanda.

Jumapili ya mwisho ibada iliishia nje, kwenye mnada. Waumini wasio na fedha huleta walichovuna: mkungu wa ndizi, boga, mayai, jogoo aliyefungwa miguu. Mzee wa kanisa aliinua kila kitu juu, bei ikapanda kwa vicheko na vigelegele. Kijana mmoja alinunua mkungu wa ndizi kwa bei ambayo sokoni angepata miwili, kisha akamkabidhi mama mwenye watoto wadogo na kurudi mahali pake bila maneno. Hakufundishwa hilo na mahubiri yangu. Ni malezi ya milima hii.

Ndiyo maana nasema utume uupime katika wiki yake ya mwisho. Wiki ya kwanza mtumishi huhesabu alivyoleta. Ya mwisho humwonyesha vile vitakavyoendelea bila yeye, na hivyo ndivyo vyenye uzima. Usambara imejua jambo hilo tangu enzi za walimu wale walioachiwa funguo za makanisa wakati wa vita. Anayetaka kuona imani iliyozoea kusimama kwa miguu yake, na apande Lushoto, afike Mlalo, alale Mtae, na Jumapili akae mpaka mnada uishe.